Köln: Jiji ambalo bia haikomi kuletwa hadi ufunike glasi

MGENI ni kuku mweupe, walisema wahenga, na ni nadra methali hii kudhihirika upesi kama inavyodhihirika katika kumbi kongwe za bia za jiji la Köln, magharibi mwa Ujerumani.

Mgeni huketi akitarajia kuulizwa atakunywa nini. Haulizwi. Mhudumu aliyevaa aproni ya buluu humwekea glasi ndogo, nyembamba na ndefu, iliyojaa bia ya rangi ya dhahabu. Kisha hutia alama ya penseli kwenye kikaratasi kigumu kilicho chini ya glasi na kwenda zake. Glasi hiyo ikimalizika huletwa ya pili bila ya kuagizwa, kisha ya tatu, ya nne na hata ya kumi.

Asiyeijua desturi hudhani kwamba analazimishwa kulewa au anaibiwa pesa zake mchana peupe. La hasha. Ishara ya kukomesha mtiririko huo ni moja tu, nayo inajulikana na kila mwenyeji: kukichukua kile kikaratasi na kuufunika mdomo wa glasi. Papo hapo mhudumu hufahamu kwamba mteja ametosheka. Huhesabu alama zilizoandikwa na kudai malipo yake.

Kikaratasi hicho si cha kuchezewa. Katika sheria za Ujerumani, alama zile huhesabiwa kuwa hati kamili ya deni, na mteja anayefuta hata moja kwa hila aweza kushtakiwa kwa kosa la kughushi.

Köln ni jiji la watu wapatao milioni moja, la nne kwa ukubwa nchini Ujerumani, lililojengwa kandokando ya mto Rhine. Wengi hulijua kwa sababu ya kanisa lake kuu, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka wa 1248 na kukamilika 1880, na ambalo minara yake ina urefu wa mita 157. Lakini waulize wenyeji ni nini kinachowatambulisha, na wengi watakutajia mambo matatu kwa pamoja: kanisa hilo, sherehe za kanivali na bia yao iitwayo Kölsch.

Jina hilo pia ndilo jina la lahaja inayozungumzwa jijini humo. Ndiyo maana watu wa Köln hupenda kujigamba kwa mzaha kuwa lugha yao ndiyo pekee duniani inayoweza kunywewa.

Je, ni kipi kinachoitofautisha bia hiyo na nyingine? Jibu limo katika hamira. Bia nyingi zinazonywewa ulimwenguni leo, zikiwemo nyingi za hapa Kenya, huchachushwa kwa hamira ambayo hufanya kazi katika baridi na kutua chini ya pipa. Kölsch hutumia hamira ya aina ya kale zaidi, ambayo huhitaji joto la nyuzi 15 hadi 20 hivi na ambayo huelea juu. Baada ya kuchachuka, bia hiyo huhifadhiwa kwenye baridi kwa majuma kadhaa hadi ladha yake itulie, kisha huchujwa ikawa angavu. Kileo chake huwa karibu asilimia 4.8.

Watu wa Köln waliilinda njia hiyo kwa ukali. Mnamo mwaka wa 1603 baraza la jiji lilipiga marufuku utengenezaji wa bia ya hamira inayotua chini. Hata hivyo, jina Kölsch lenyewe si la kale kama wengi wanavyodhani. Kiwanda cha Sünner ndicho kilichoanza kuliuzia bia yake mwaka wa 1918.

Vita vya Pili vya Dunia vilikaribia kuizika tasnia hiyo. Usiku wa kuamkia Mei 31, 1942, Köln lilikuwa jiji la kwanza kushambuliwa na Waingereza kwa ndege zipatazo elfu moja kwa mkupuo mmoja, na kufikia mwisho wa vita sehemu kubwa mno ya katikati ya jiji ilikuwa vifusi. Kumbi nyingi zinazoonekana kuwa za kale leo zilijengwa upya baada ya hapo.

Viwanda vilipofufuka, hofu mpya iliwaingia wenyewe. Je, kama kampuni za mbali zingeanza kutengeneza bia ya bei nafuu na kuibandika jina la Kölsch? Ili kuizuia hatari hiyo, mwaka wa 1986 viwanda 24 vilitia saini mkataba unaoeleza bia hiyo iweje, itengenezwe wapi na hata inywewe katika glasi ya umbo gani. Mnamo 1997 Muungano wa Ulaya uliliorodhesha jina hilo miongoni mwa majina ya vyakula na vinywaji yanayolindwa kwa kuzingatia mahali vinakotoka.

Glasi yenyewe hubeba mililita 200 tu. Ikumbukwe kwamba chupa ya kawaida ya bia nchini Kenya hubeba mililita 500, na kwamba katika kumbi za Munich, kusini mwa Ujerumani, bia hupimwa kwa kikombe cha lita nzima. Watu wa Munich huwacheka wenzao wa Köln kwa kunywa kutoka kwenye kitu kinachofanana na chombo cha maabara. Lakini udogo huo una sababu. Kölsch hupoteza povu na ubichi wake upesi, na glasi ndogo humalizika kabla bia haijachacha. Ndiyo maana pia mhudumu hana haja ya kungoja kuagizwa: kazi yake ni kuhakikisha kwamba iliyo mezani daima ni mbichi.

Mhudumu huyo huitwa Köbes, jina ambalo ni Yakobo kwa matamshi ya Köln. Zamani walikuwa vijana wa kiwandani waliopika bia na kuwahudumia wanywaji pia. Leo wapo na wanawake katika kazi hiyo. Köbes hubeba glasi zake katika sinia ya duara yenye mpini katikati na matundu ya kushikilia kila glasi, ili asimwage hata tone anapopenya katikati ya umati.

Sifa yake nyingine ni ulimi. Mteja anayeitisha maji au soda hujiweka katika hatari ya kuulizwa iwapo anataka aletewe na sabuni na taulo. Maneno hayo si matusi bali ni utani, na anayestahili sifa ni yule anayejibu kwa utani vilevile. Ndani ya ukumbi mwenye cheo na asiye nacho hutaniwa sawa. Wakati wa mkutano wa viongozi wa mataifa yenye uwezo mkubwa kiuchumi uliofanyika Köln mwaka wa 1999, Rais wa Marekani wa wakati huo, Bill Clinton, alikwenda kula katika ukumbi wa Malzmühle, ulioanzishwa mwaka wa 1858.

Kumbi nyingine zenye jina ni Früh, uliofunguliwa mwaka wa 1904 karibu na kanisa kuu, na Päffgen wa mwaka wa 1883, ambao hupika bia yake papo hapo katika barabara ya Friesenstraße na kuiuza kutoka kwenye pipa pekee, si kwa chupa. Katika baadhi ya kumbi hizi kungali na kichumba kidogo cha mbao kilicho kati ya mlango na ukumbi. Humo ndimo mwenye ukumbi alimokaa akihesabu mapipa na pesa huku akiwatupia jicho wateja na wahudumu. Wenyeji hukiita kizimba cha kuungamia dhambi.

Vyakula navyo vina mitego yake. Anayeagiza Halve Hahn, maana yake nusu ya jogoo, hatapata hata unyoya wa kuku. Ataletewa mkate mdogo wa rai pamoja na kipande kinene cha jibini, vitunguu na haradali. Himmel un Ääd, yaani mbingu na ardhi, ni viazi vilivyopondwa na matofaa, kwa kuwa viazi hutoka ardhini na matofaa hutoka juu mtini. Pamoja navyo huja soseji ya damu ya nguruwe. Kwa hivyo Mwislamu, au yeyote ambaye imani yake inamkataza nyama hiyo, ni heri aulize mapema.

Kilomita 40 hivi kaskazini mwa Köln liko jiji la Düsseldorf, ambako mambo hugeuka. Huko bia ni nyeusi kiasi, huitwa Alt, maana yake ya kale, na huuzwa katika kumbi kama vile Uerige na Füchschen. Nayo hutumia hamira inayoelea juu, na hutolewa na wahudumu wanaoitwa Köbes vilevile. Kwa mgeni, majiji haya ni ndugu wa toka nitoke. Kwa wenyeji, kuagiza Alt mjini Köln ni uchokozi. Utani wao hupenda kurejelea vita vya Worringen vya mwaka wa 1288, ambavyo viliishia kwa kushindwa kwa askofu mkuu wa Köln na kuipa Düsseldorf hadhi ya mji.

Lakini anayezijua kumbi hizo pekee hajalijua Köln. Katika mitaa, mbali na njia za watalii, ndiko ziliko baa ndogo za pembeni mwa barabara ziitwazo Kneipe. Hizi hazina historia ya kuandikwa vitabuni. Huwa na kaunta, meza chache na moja iliyotengewa wateja wa kila siku, ambapo mgeni haketi bila ya kukaribishwa.

Katika baa nyingi za aina hii kulikuwa, na katika baadhi yazo kungalipo, sanduku la chuma lililotundikwa ukutani, lenye vijitundu vilivyotiwa nambari. Kila mwanachama ana kijitundu chake, na kila juma hutumbukiza humo akiba yake, la sivyo hutozwa faini. Pesa hupelekwa benki, na mwishoni mwa mwaka kila mtu hupewa chake. Mkenya yeyote atalitambua jambo hilo mara moja: ni chama. Wafanyakazi wa viwandani na wajane waliokaa peke yao walipata hapo benki, habari za mtaa na mtu wa kuuliza, endapo hawakuonekana kwa siku mbili, wamepatwa na nini.

Baa hizo ndizo zinazofifia. Wajerumani wenyewe wamepunguza unywaji. Mnamo mwaka wa 1980, kila mkazi wa iliyokuwa Ujerumani Magharibi alikunywa kwa wastani zaidi ya lita 140 za bia kwa mwaka. Katika miaka ya 2020 kiwango hicho kimeshuka chini ya lita 95. Vijana wengi huchagua bia isiyo na kileo au hawanywi kabisa. Isitoshe, kodi za nyumba zimepanda, watoto wa wenye baa hawataki kurithi kazi ya usiku, na tangu Mei 1, 2013, uvutaji wa sigara umepigwa marufuku katika baa zote za jimbo hilo. Janga la Covid-19 nalo lilizifunga baa kwa miezi kadhaa mwaka wa 2020 na 2021.

Si rahisi kuomboleza kila jambo katika hayo. Daktari atafurahi kusikia kwamba watu wanakunywa na kuvuta kwa uchache. Tatizo ni kwamba baa ya mtaani inapofungwa haiondoki na bia pekee, bali huondoka na baraza. Mzee aliyekuwa akitoka jioni kuwaona wenzake hubaki nyumbani na runinga yake.

Kisa cha baa ya Lommerzheim, katika mtaa wa Deutz, chaeleza hisia hizo. Hans Lommerzheim na mkewe waliifungua mwaka wa 1959 katika jengo lililoachwa na makovu ya vita, na hawakulitengeneza hata kwa rangi. Watu walipanga foleni nje kwa ajili ya bia na vipande vinene vya nyama ya nguruwe. Desemba 31, 2004, akiwa mzee, aliifunga, naye akafariki mwaka uliofuata. Baa ilifunguliwa tena mwaka wa 2008 chini ya wenye kiwanda cha Päffgen, na wenyeji waliridhika kwa kuwa sura yake chakavu haikubadilishwa sana.

Kwa Wakenya, habari hizi si hadithi za mbali tu. Septemba 2024 serikali za Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano kuhusu uhamiaji na ajira, na wapo vijana wanaojifunza Kijerumani kwa matumaini ya kwenda huko. Wafahamu kwamba sheria ya huko humruhusu kijana wa miaka 16 kununua bia, lakini dereva aliye chini ya miaka 21, au aliye katika miaka miwili ya kwanza ya leseni, hatakiwi kuwa na kileo chochote mwilini anapoendesha gari. Glasi kumi za Köln, ndogo kama zilivyo, ni lita mbili kamili.

Wajue pia kwamba si lazima mtu anywe kileo ili akubalike. Baa nyingi huuza bia isiyo na kileo, na atakayevumilia utani wa Köbes atapewa hata maji yake. Linalotakiwa ni kuketi pamoja na wengine katika meza ndefu, kujibu salamu na kukumbuka, wakati umetimia, kuifunika glasi.