Vontsira wa Bukini: Mnyama na Jina Lake

1. Utangulizi

Kumpa mnyama jina ni kumpangia ukoo. Anayesema "paka-mwitu" hudai kwamba mnyama huyo ni ndugu wa paka, hata kama hakukusudia kudai hivyo. Makala haya yanachunguza jina la mnyama mdogo wa misitu ya Madagaska, kisiwa ambacho Waswahili wa zamani walikiita Buki au Bukini. Wamalagasi humwita vontsira, na wataalamu wa elimu ya wanyama humwita Galidia elegans. Kifaransa kimezoea kumwita "mangouste", na kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili huelekea kumwita nguchiro. Je, vontsira ni nguchiro?

2. Umbo na maisha

Vontsira ana uzito usiozidi sana kilo 1, na mwili wa sentimita 35 hivi bila kuhesabu mkia. Manyoya yake ni mekundu ya hudhurungi, nao mkia mnene una pete nyeusi. Ni mnyama wa mchana, tofauti na wala nyama wengi wa kisiwa hicho. Hupanda miti kwa wepesi, huogelea, na usiku hulala shimoni au katika mvungu wa mti. Huwinda panya, tenreki, lemuri wadogo, vyura, samaki, kamba wa mtoni na wadudu. Akipata yai au konokono mwenye gamba gumu, hulala ubavu, hukishika kitu hicho kwa miguu yote minne, kisha hukirusha kwa nguvu mpaka kipasuke. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa kila uzazi. Wanavijiji wanaopakana na msitu wanamfahamu pia kuwa mwizi wa kuku.

3. Asili

Kwa sura na mwendo, vontsira anafanana mno na nguchiro, na kwa muda mrefu wataalamu walimweka katika ukoo huo. Mwaka 2003, Anne Yoder na wenzake walichapisha uchunguzi wa chembe za urithi uliobadili mawazo hayo. Ilionekana kwamba wala nyama wote wa asili wa Madagaska wametokana na mzazi mmoja aliyetoka Afrika, miaka milioni 20 hivi iliyopita. Wakati huo kisiwa kilikuwa kimekwisha kutengana na bara zamani sana, na mlangobahari wa Msumbiji, ambao una kilomita 400 hivi mahali pake pembamba, ulikuwa tayari umewatenga. Wataalamu hudhani kwamba mnyama huyo alivuka juu ya miti iliyong'olewa na mafuriko.

Kutokana na mzazi huyo walipatikana fosa, ambaye kwa umbo anakaribia paka, fanaloka anayefanana na fungo, na vontsira anayefanana na nguchiro. Hivyo ndugu wa karibu wa vontsira ni fosa. Nguchiro ni binamu aliyebaki bara.

4. Jina

Jina "nguchiro", basi, linasema jambo lisilo kweli kuhusu ukoo. Tena lina madhara ya pili. Nguchiro wa bara ni wengi na wameenea katika nchi nyingi. Msomaji akiambiwa kwamba nguchiro fulani anapungua, hataona hasara kubwa. Akiambiwa kwamba vontsira anapungua, ataelewa kwamba kiumbe asiyepatikana popote pengine duniani kimo hatarini kumpoteza. Hofu hiyo ina msingi: kati ya mwaka 1953 na 2014 Madagaska ilipoteza asilimia 44 hivi ya misitu yake ya asili. Ingawa vontsira hajaingizwa katika orodha ya wanyama walio karibu kutoweka, idadi yake inapungua pamoja na msitu.

Kukopa jina si aibu wala si jambo geni kati ya pande hizi mbili. Kimalagasi kilipokea kutoka lugha za Kibantu za pwani ya Afrika Mashariki maneno kama omby (ng'ombe), amboa (mbwa), akoho (kuku) na akanga (kanga). Mnyama alivuka bahari pamoja na jina lake. Kiswahili nacho kinaweza kupokea kwa njia hiyohiyo.

Kwa kuwa herufi o ya Kimalagasi hutamkwa u, na mfuatano nts si mwepesi kwa Mswahili, umbo "vunsira" lingefaa. Kisarufi lingeingia bila taabu katika ngeli ya viumbe: vunsira mmoja anawinda, vunsira wawili wanawinda.

5. Hitimisho

Mtunga istilahi anayetazama umbo pekee hugawa majina kwa mfano wa macho. Kwa vontsira, macho yaliwadanganya hata wataalamu. Inafaa kamusi za Kiswahili zimtaje kwa jina lililotoka kwa watu wanaoishi naye, na neno nguchiro libaki kwa wenyewe.