Ujuzi wa Jeshini na Cheti cha Fundi

Vita ilipokwisha mwaka 1945, askari wengi wa Tanganyika walirudi kwao wakijua udereva na ufundi wa magari. Tangu mwaka 1963 Jeshi la Kujenga Taifa nalo limewafunza vijana uashi na useremala. Lakini mwenye kujenga nyumba Kinondoni hakuuona ukuta uliosimamishwa kambini. Kwake cheti ndicho shahidi. Twawaambia wenye ujuzi huo: si lazima kuanza upya kama mwanagenzi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yenye chuo Chang'ombe, Temeke, huwapima mafundi waliojifunza nje ya darasa. Fundi hutazamwa akifanya kazi, hufundishwa alilopungukiwa, kisha hupewa cheti. Basi aliyefunzwa jeshini na aende akapimwe, maana ujuzi usiojulikana haumpatii mtu kazi.