Kauli ya Mtaalamu ni Sehemu ya Tiba

Anayeijua Masama, wilayani Hai, anajua kuwa riziki ya huko hutafutwa pia juu ya miti. Hupandwa miparachichi, hukatwa majani ya ng'ombe wa zizini. Siku moja tawi huvunjika, mtu huanguka, na uti wa mgongo hujeruhiwa. Mkoani Kilimanjaro, kuanguka na ajali za barabarani ndiyo sababu kuu za majeraha haya, na wengi hufikishwa Hospitali ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Baada ya tiba ya awali huanza kazi ndefu ya utengamao: kujifunza kukaa, kuhamia kwenye kiti cha magurudumu, kutunza kibofu, na kugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili ili vidonda visitokee. Kazi hii haiendi bila mgonjwa mwenyewe kushiriki. Naye hushiriki au hujitenga kulingana na anavyosemeshwa.

Tuchukulie kijana asiyehisi miguu yake. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akimjia kwa amri tupu, atatii leo, kesho atajifunika shuka. Akiahidiwa kuwa atatembea baada ya mwezi, mwezi ukipita hatamwamini tena mtu. Lakini akiulizwa, "Mdogo wangu, ungependa kuanza kufanya nini mwenyewe?" huenda akajibu, "Nataka nitawadhe bila kumsumbua mama." Hapo zoezi limepata maana. Kuimarisha mikono si adhabu tena, bali ni njia ya kuufikia udhu wake. Sharia nayo imemruhusu asiyeweza kusimama aswali ameketi, na asiyeweza kuketi aswali amelala. Haikumtaka aisubiri miguu.

Ukweli nao usemwe kwa huruma: "Hatujui miguu itarudi kiasi gani, ila mikono hii tunaweza kuianzishia kazi leo."

Mama naye asisahauliwe. Aelezwe kwa Kimachame ikibidi, aonyeshwe namna ya kumgeuza mwanawe, kisha afanye yeye huku mtaalamu akitazama. Kutikisa kichwa si dalili ya kuelewa, na huko mgombani hakuna muuguzi. Kidonda kilichopuuzwa huweza kuua.

Nasi tunaokwenda kumjulia hali, tuache kumzungumzia mgonjwa juu ya kichwa chake kana kwamba hasikii. Tumuulize yeye. Allah awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie kauli njema.