Farasi kutembea peku: chuma kinatoka siku moja, ukwato unataka miezi

Najua wengi mnaonifuatilia ni wa kuku, ng'ombe wa maziwa na nguruwe, lakini leo naomba tuongee farasi. Watu wamezoea kudhani farasi wa Dar ni wa Polisi tu, kile kikosi cha mbwa na farasi. Sasa hivi kuna vijana wanawafuga kibiashara, kupandisha watoto wikiendi na kukodisha kwenye harusi. Wawili kati yao, mmoja wa Bunju na mwingine wa Toangoma, wameniuliza swali lile lile: fundi wa viatu vya farasi hapatikani, akipatikana ni ghali, je, tuvue chuma atembee peku?

Inawezekana. Ila msidanganyane kwamba ni njia ya bure. Gharama yake ni muda, na kwenye biashara yako muda ni siku ambazo farasi haingizi hela.

Elewa kwanza kinachotokea. Farasi aliyevaa chuma muda mrefu, uzito wake umekaa zaidi kwenye ukuta wa ukwato, yaani ile sehemu ngumu ya nje. Unyayo na ile nyama ngumu yenye umbo la V katikati vimeinuliwa kutoka ardhini, havijafanya kazi. Ukimvua leo, kesho anakanyaga kokoto kwa unyayo mwembamba. Ataumia, kama wewe uliyezoea raba ukitembezwa peku barabara ya vumbi. Ukwato hukua kama milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, kwa hiyo kupata ukuta mpya kabisa mbele inachukua miezi 9 hadi 12. Ule wenye matundu ya misumari lazima ukue ushuke, ukatwe. Hakuna dawa ya kupaka itakayoharakisha hilo.

Siku ya kuvua, mwite mtu anayejua. Mikunjo ya misumari inanyooshwa au inakatwa kwanza, ndipo chuma kinang'olewa na koleo kuanzia kisigino, bila kukisokota. Halafu ukingo wa ukwato unapigwa tupa uwe mviringo, la sivyo utamomonyoka kwenye yale matundu. Fundi akianza kukwangua unyayo kwa kisu ili "upendeze", mzuie. Huo ugumu ndio kiatu chake kipya! Mimi napenda avuliwe miguu ya nyuma kwanza, ya mbele baada ya wiki kadhaa, kwa sababu ya mbele hubeba kama asilimia 60 ya uzito.

Wiki za mwanzo hakuna kupandwa. Mtembeze kwa kamba dakika 10 hadi 15 kwa siku, sehemu laini. Wa Toangoma mna mchanga, mna nafuu. Ukiwa pande za Boko, Wazo au Kunduchi, kwenye chokaa na mawe ya matumbawe, tafuta uwanja au mwagia mchanga eneo lake. Ila usimlishe chini kwenye huo mchanga, tumia hori. Akimeza mchanga utamjaa tumboni, na maumivu ya tumbo huua farasi haraka kuliko kwato mbovu.

Akishazoea, ongeza muda kidogo kidogo, ingiza ardhi ngumu, kokoto mwisho. Atakuambia mwenyewe. Akifupisha hatua, akitupa kichwa juu kila anapokanyaga, au akikimbilia pembeni penye majani, umemharakisha. Zipo buti za mpira za farasi, unamvalisha kazini na kumvua akirudi. Ukizipata za saizi yake, zitaokoa kipato chako.

Chakula nacho. Nimekuta farasi analishwa pumba za mahindi debe zima na molasesi juu, eti apate nguvu. Wanga na sukari nyingi huvimbisha tishu zinazoshika mfupa ndani ya ukwato. Farasi wa namna hiyo hata ukimlaza kwenye godoro ataumia. Msingi ni majani: farasi wa kilo 400 anahitaji kama kilo 6 hadi 8 za majani makavu kwa siku, pumba iwe nyongeza kidogo tu. Ukimkuta amesogeza miguu ya mbele mbele na kuegemea nyuma, kwato zina joto, mpigie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Lini uanze? Masika biashara imelala, lakini kwato zinalowa na kuoza: harufu mbaya, ute mweusi katikati ya unyayo. Mimi ningeanza masika yakiisha, mwishoni mwa Mei, ardhi ikiwa bado laini na maji hayajatuama. Banda liwe kavu, weka maranda kutoka kwa mafundi seremala, safisha kwato kila siku, na punguza kwa tupa kila wiki 4 hadi 6. Kama una farasi wawili, vua mmoja, mwingine aendelee kuingiza hela.

Kuna anayeniambia, "Mbona punda wa Lamu wanabeba mawe na mchanga maisha yao yote bila chuma?" Kweli, ila punda hao hawajawahi kuvaa. Na kwato zao ni wima kuliko za farasi.

Tena si kila farasi anafaa. Aliyewahi kuugua ule uvimbe wa ndani ya ukwato, au anayeshinda kwenye lami, pima na daktari kwanza. Piga picha kwato zote nne kila mwezi, kwa pembeni na kwa chini. Ikifika miezi sita bado anachechemea kwenye ardhi ngumu ya kawaida, mrudishie chuma miguu ya mbele. Nyuma anaweza kuendelea peku.