Gurudumu Likizunguka, Simu Inyamaze

Ndugu msomaji, ukisimama asubuhi penye kivuko cha Kindu, utaona kazi nyingi. Mitumbwi inatoka ng'ambo ya Alunguli, inavuka mto Lualaba, inaleta watu na ndizi na mihogo na samaki. Juu ya ukingo vijana wanangoja na pikipiki zao. Sisi huwaita wamotari. Mmoja anamchukua mama na kikapu chake kwenda sokoni. Mwingine anampeleka mwalimu upande wa Mikelenge. Mwingine anamleta mgonjwa hospitalini. Hii ni kazi njema, na mji wetu unaihitaji.

Siku hizi karibu kila kijana wa pikipiki anatamani kitu kimoja zaidi: telefone ya kugusa. Wengi wamekwisha kuipata, na wanajifunza kuitumia huko huko barabarani, mkono mmoja juu ya usukani na mkono mmoja juu ya kioo. Kwa sababu hiyo tumeandika ukurasa huu. Hatukuja kuilaani simu. Kisu ni chombo chema jikoni, lakini kila mama hufundisha mtoto wake namna ya kukishika.

Mfano wa simu moja

Sikia mfano. Kijana mmoja amempakia mama mwenye kikapu. Ni wakati wa mvua, barabara ina mashimo yenye maji. Simu inalia mfukoni. Kijana anafikiri moyoni: "Pengine ni mwenye pikipiki, anauliza fedha yake ya leo. Pengine ni mteja, nisipojibu atamwita mwingine." Anaitoa simu, anainamisha kichwa asome jina. Wakati ule mtoto anavuka njia na bidoni ya maji. Kijana anainua macho, anageuza pikipiki upesi, gurudumu linaingia shimoni. Wote wawili wanaanguka.

Mama amegonga kichwa juu ya jiwe. Mfupa wa mguu wa kijana umevunjika. Simu imelala matopeni, nayo ingali inalia. Ni nani aliyepiga? Ni mke wake. Alitaka kuuliza kama apike sombe au angoje samaki.

Tazama, neno lile lingaliweza kungoja mpaka jioni. Lakini mfupa uliovunjika unataka majuma mengi kuungana. Katika majuma hayo kijana hapati fedha, na pikipiki si yake. Watoto wanarudishwa kutoka shule. Mama yule naye ana watoto wanaomngoja. Nyumba mbili zimeumia kwa ajili ya sombe.

Hesabu ya macho

Pengine utasema, "Mimi natazama kidogo tu, halafu narudisha macho njiani." Basi tuhesabu pamoja. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa inapita meta 11 katika sekunde moja. Ukisoma ujumbe kwa sekunde 5 tu, umepita meta 55, nawe hukuiona njia. Toka nje leo, pima hatua 70 za mtu mzima mbele ya nyumba yako. Je, ungekubali kupita nafasi ile yote juu ya pikipiki ukiwa umefumba macho, na mtoto wa jirani yako akicheza njiani?

Tena fikiri juu ya mikono. Mkono wa kuume unaongeza mwendo, nao ndio unaoshika freni ya mbele. Mkono wa kushoto unashika klachi. Mkono mmoja ukishika simu, kazi mojawapo imekosa mtu.

Wengine huingiza simu ndani ya kaske, karibu na sikio, ili mikono ibaki huru. Hii nayo si dawa. Simu inaondoa kaske mahali pake, na kaske iliyolegea hailindi kichwa sawasawa. Sikio lile halisikii honi wala sauti ya lori linalokuja nyuma. Na kuna jambo la tatu: akili ya mtu haigawanyiki vema. Mtu anayegombana katika simu juu ya deni, macho yake yanaweza kuelekea njiani, wala asione kilichomo. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya ajali karibu mara 4 kuliko yule asiyeitumia, na kwamba kuongea bila kuishika mkononi hakupunguzi sana hatari hiyo.

Usiku hatari inaongezeka. Kioo cha simu kina mwanga mkali. Ukikitazama gizani, macho yako yanauzoea mwanga, na ukiyarudisha njiani huoni vizuri. Macho yanataka dakika nyingi kulizoea giza tena. Katika dakika hizo mtu anayetembea bila taa ni kama hayupo.

Tusidhani kwamba ni jambo dogo. Shirika lile lilihesabu watu karibu 1,190,000 waliokufa kwa ajali za barabarani duniani pote katika mwaka 2021. Kwa watoto na vijana, tangu miaka 5 mpaka 29, ajali hizo zinaua kuliko ugonjwa wo wote mmoja.

Namna njema ya kuitumia

Sasa tujifunze namna ya kuitumia simu vema. Maana katika safari ya Maniema inaweza kukusaidia kweli, ukijua wakati wake.

Kwanza, tengeneza mambo yote kabla ya kuwasha moto. Uliza mteja wako anakwenda wapi, na nyumba iko karibu na nini. Kama ni safari ndefu, mpigie anayekungoja, umwambie saa ya kufika. Halafu punguza sauti ya simu, uiweke mahali pasipofikiwa na mkono upesi. Simu iliyo mbali haikujaribu.

Pili, jifunze kutumia ramani ya simu. Watu wengi wanafikiri ramani haifanyi kazi pasipo mtandao. Sivyo. Simu inajua mahali ilipo kwa kusikia alama za setilaiti zinazozunguka juu sana, zaidi ya kilomita 20,000 kutoka ardhini. Ikisikia setilaiti 4 au zaidi, inaweza kupima mahali pako, hata katikati ya msitu. Lakini picha ya ramani yenyewe lazima uiweke ndani ya simu mapema, ukiwa mjini penye mtandao. Basi wewe unayevuka mto na kupita Alunguli kwenda Kalima, ipakie ramani kabla ya kuondoka. Njiani, ukitaka kuitazama, simama kwanza. Wala usiiamini ramani kuliko watu wa mahali. Ramani haijui kwamba mvua ya jana imebomoa daraja la miti. Mwenye shamba anajua.

Tatu, mteja akilipa kwa M-Pesa, kwa Airtel Money au kwa Orange Money, usome ujumbe pikipiki ikiwa imesimama na moto umezimwa. Hakikisha fedha imeingia, ndipo uondoke. Namba yako ya siri usimwambie mtu ye yote, hata akisema yeye ni mtu wa kampuni.

Nne, usiifunge simu juu ya usukani siku nzima. Mtikisiko wa pikipiki si mzuri kwa simu. Katika mwaka 2021 kampuni ya Apple iliwaonya wenye simu zake kwamba mtikisiko mkali wa injini za pikipiki unaweza kuharibu kamera zao. Mvua na vumbi letu jekundu vinaongeza hasara. Mfuko wa plastiki ndani ya koti utaitunza vema kuliko usukani.

Tano, simu ikilia nawe uko njiani, una njia mbili tu. Ama uiache ilie, ama utoke kabisa kando ya njia, usimame, ndipo ujibu. Hakuna njia ya tatu. Mteja wa kweli atapiga tena, au utamrudishia. Waambie wateja wako tangu sasa: "Nikiwa njiani sijibu. Nikifika nitakupigia." Watakapoona unafanya hivyo hata wao wakiwa nyuma yako, watakuamini na kukuchagua.

Wewe unayepiga

Sasa nataka kusema na wewe usiye na pikipiki. Pengine umesoma mpaka hapa ukimhukumu kijana. Lakini ni nani aliyempigia?

Mke, mume, mama, unapojua mtu wako yuko kazini juu ya pikipiki, mwachie ujumbe mmoja, kisha ungoje. Usipige mara saba mfululizo. Simu ikilia mara saba, anadhani kuna msiba, naye atajibu hata penye mashimo.

Wewe mwenye pikipiki, unayengoja fedha ya kila siku, patana na kijana wako saa moja ya jioni ya kuongea. Ukimfokea kwa sababu hakujibu saa nne ya asubuhi, unamfundisha kujibu akiwa mwendoni. Na pikipiki ikivunjika, hasara ni yako vilevile.

Wewe abiria, usinyamaze. Huo ni mwili wako. Ukimwona anatoa simu, mguse bega, umwambie kwa upole, "Mwanangu, tusimame kwanza," au "Kaka, nishushe hapa, nimalize kwa miguu." Si dharau. Ni kumpenda yeye na watoto wake.

Ndiyo maana nasema, simu inapolia mfukoni mwa mwenye pikipiki, aliyepiga naye yuko barabarani pamoja naye.

Ajali ikitokea

Hata mwenye uangalifu anaweza kugongwa. Hapo simu inaweza kuokoa mtu, au inaweza kumchelewesha. Mara nyingi watu wanakimbilia kupiga picha, na damu inatoka. Usifanye hivyo. Mmoja apige simu hospitalini au kwa jamaa, mwingine awazuie magari na pikipiki, wengine wamsaidie aliyeumia.

Damu ikitoka sana, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, bila kuachilia. Usimvue kaske kwa nguvu, isipokuwa hawezi kupumua. Usimpe maji wala chakula wala pombe. Na jambo moja linalofanyika sana kwetu liache: usimketishe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine, kichwa kikiyumbayumba. Kama shingo au mgongo umeumia, safari ile inaweza kumpoozesha maisha yake yote. Mlaze juu ya kipoyi, au juu ya ubao au mlango, kichwa na shingo vikinyoka na kushikwa, mkampeleke hivyo.

Kama amegonga kichwa na baadaye anasema amepona, mwangalie siku ile na usiku wake. Akitapika tena na tena, akisinzia sana hata kumwamsha ni shida, akisema maneno yasiyoeleweka, akipata degedege, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maji au damu ikitoka sikioni au puani, mpeleke hospitali mara moja. Usingoje kuche.

Tena fanya jambo hili leo, maana halina gharama. Andika juu ya kipande cha karatasi jina lako, namba ya jamaa yako mmoja, na dawa usizoweza kuvumilia. Kiweke nyuma ya simu, ndani ya ganda lake. Simu nyingi zinaweza pia kuonyesha habari hizo juu ya kioo kilichofungwa. Mwombe kijana anayejua akuonyeshe. Mtu aliyezimia hawezi kutuambia yeye ni wa nani. Karatasi ile itasema kwa ajili yake.

Mwisho

Ndugu msomaji, maneno haya yote yanaweza kukaa katika neno moja: gurudumu likizunguka, simu inyamaze. Mfundishe hilo kijana wako kabla hajafunga safari. Mwambie mwenzako pale kivukoni mnapongoja mtumbwi. Na leo, kabla ya kubonyeza jina la mtu aliye juu ya pikipiki, jiulize: je, neno langu haliwezi kungoja mpaka afike?

Maulizo ya kufikiri nyumbani

1. Pikipiki ya kilomita 40 kwa saa inapita meta ngapi katika sekunde 5?
2. Kwa nini si vema kuingiza simu ndani ya kaske?
3. Ramani ya simu inahitaji kuwekwa lini, na utaitazama namna gani safarini?
4. Taja alama nne za hatari kwa mtu aliyegonga kichwa.
5. Ni nani katika nyumba yako anayefanya kazi juu ya pikipiki? Mmepatana saa gani ya kuongea naye?