Mgeni wa Bwaise anayekula mwanga

SIKU nilipomleta nyumbani, watoto wa majirani walijaa mlangoni kama wanavyojaa penye televisheni siku ya fainali ya mpira. Ndani ya mfuko wa plastiki, katika maji ya chumvi, alikuwamo mnyama mweupe pe, laini, mwenye vidole tele vinavyocheza majini.

"Anko, hilo ni ua?" mmoja aliuliza.

Hata mimi, mzaliwa wa Pwani, nilimnunua kwa sababu hiyohiyo. Alikuwa mweupe kama asumini. Sikujua kwamba nimenunua mgonjwa.

Hiyo ilikuwa Februari 2025, hapa Bwaise, kaskazini mwa Kampala, ninakopanga vyumba viwili nyuma ya karakana za maseremala. Muuzaji aliniambia kuwa huyo ni anemoni wa bahari wa "aina nyeupe", ametoka Pwani ya Kenya, na kwamba taa ya kawaida ya nyumbani itamtosha. Tangi langu la kioo la lita 150 lilikuwa tayari, limejaa maji niliyoyachanganya na chumvi maalumu ya paketi, gramu 35 hivi kwa kila lita (chumvi ya jikoni haifai kabisa), na limeinuliwa juu ya matofali. Mkazi wa Bwaise hahitaji kuelezwa matofali ni ya nini. Mfereji wa Nakamiro ukifurika, kila chenye thamani hukaa juu.

Anemoni ni mnyama, jamaa wa matumbawe, na vidole vyake vina sumu ya kunasia windo. Katika bahari yetu ya Afrika Mashariki, samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mstari mweupe mgongoni huishi humo bila kudhurika, akijificha dhidi ya maadui. Lakini siri kubwa ya mnyama huyu haionekani kwa macho. Ndani ya nyama yake huishi viumbe vidogo mno vya jamii ya mwani, kwa mamilioni, ambavyo hutengeneza chakula kwa mwanga kama lifanyavyo jani la mgomba. Sehemu kubwa ya sukari hiyo humpa mwenye nyumba. Naye huvilipa kwa hifadhi, na kwa uchafu wake ambao kwao ni mbolea.

Vijidudu hivyo ndivyo vinavyompa rangi ya kahawia. Anemoni wa maji ya joto akiwa mweupe kabisa, mara nyingi wapangaji wake wamehama, ama kwa joto, ama kwa giza, ama kwa misukosuko ya safari. Ndivyo yalivyopauka matumbawe ya Kenya, Tanzania na Shelisheli mwaka 1998, wakati wa joto la El Niño, na mengi yakafa kwa njaa.

Wiki ya tatu mgeni wangu alianza kutembea. Ndiyo, msomaji, anemoni hutembea, polepole, kwa nyayo moja pana anayojishikizia mwambani. Alipanda kioo hadi karibu na uso wa maji, akajinyoosha kuelekea tyubu ya dari. Nilifurahi nikidhani amechangamka. Kumbe alikuwa akitafuta chakula. Usiku mmoja nilimkuta hatua chache tu kutoka kwenye mdomo wa pampu, ambao ungemsaga. Nikaufunga kwa sponji, nikaenda kutafuta msaada.

Msaada ulikuwa kijana fundi wa simu kando ya barabara ya Bombo. Alikuja na simu yenye programu ya kupima mwanga. Juu ya tangi, chini ya tyubu, ilisoma kama 300. Akatoka uani saa saba mchana, ikasoma zaidi ya 90,000.

"Ssebo, macho yako yanakudanganya," alisema.

Ni kweli. Mboni ya jicho hujifungua penye giza, hivyo chumba kikaonekana cheupe wakati mnyama yuko usiku wa manane. Kipimo cha simu kimetengenezwa kwa kulingana na jicho la binadamu, si kwa mwani, lakini kwa tofauti kubwa namna ile hakuhitajiki mizani ya dhahabu.

Rangi ya mwanga nayo ina neno lake. Maji ya bahari humeza wekundu katika mita chache za mwanzo, bali bluu hushuka mbali. Mwani wa anemoni umezoea hali hiyo, ndiyo maana taa za matangi ya matumbawe huonekana za bluu-nyeupe, na balbu ya manjano ya sebuleni haina msaada mkubwa.

Nikapiga hesabu. Wafugaji wa Ulaya na Marekani katika miaka ya 1990 na 2000 walitumia sana taa kali za halaidi za wati 250. Taa moja ikiwaka saa kumi kwa siku hula uniti 75 kwa mwezi. Kwa tokeni za Yaka, kwa zaidi ya shilingi 700 kila uniti, ni zaidi ya shilingi 50,000, na joto lake lingeyachemsha maji yangu. Taa za LED za wati 60 hula uniti 18 tu. Hizo nilizimudu, lakini fundi alinionyesha kidole juu.

"Jua mnalo bure. Limezuiwa na bati."

Kampala iko karibu kabisa na ikweta. Saa sita mchana jua hukaa utosini, haliingii dirishani, na dirisha langu lenyewe linatazama ukuta wa jirani. Tukaenda kwa nnyabo mwenye nyumba kuomba bati moja libadilishwe kwa lile la kupitisha mwanga. Alikataa mara mbili. Alihofia wezi, tena alihofia mvua. Mara ya tatu alikuja mwenyewe, akamtazama yule mnyama kwa muda mrefu, akauliza kama ni kweli atakufa. Nikamwambia ni kweli. Akakubali, kwa gharama zangu, na nikivujisha nilipe dari.

Hapo nusura nimuue kwa pupa. Mnyama aliyepauka hawezi kupokea jua lote mara moja, kama mtu aliyefunga siku nyingi asivyoweza sahani ya pilau. Nilitandaza chandarua cha zamani juu ya tangi, kimekunjwa mara sita, nikawa naondoa mkunjo mmoja kila wiki. Mkunjo wa mwisho niliuacha, maana kwenye jua kali maji yalikuwa yakielekea nyuzi 30. LED nilizitumia siku za mawingu. Kila baada ya siku mbili nilimlisha kipande cha mukene kisichozidi ukucha, kwa kibano.

Mwezi wa tatu ncha za vidole zilianza kupata rangi ya chai ya maziwa. Mwezi wa tano alikuwa wa kahawia mwili mzima, ametulia mwambani, hatembei tena. Wageni husikitika. Wanasema amechakaa.

Kisha umeme ulikatika siku mbili, na betri ya gari niliyokuwa nayo ingetosha taa au pampu. Nilichagua pampu. Giza la siku mbili atalivumilia, lakini maji yasiyo na hewa yangeweza kumwua usiku mmoja.

Wapo wanaonitajia anemoni maarufu wa Edinburgh, aliyechukuliwa baharini na Sir John Dalyell mwaka 1828, akaishi katika chupa ya maji ya bahari hadi 1887, miaka 36 baada ya bwana wake kufariki. Lakini yule alikuwa wa maji ya baridi, asiyetegemea mwani. Anayeniuliza kama anunue wa kwetu, humwambia aweke kwanza taa na tangi kwa nusu mwaka bila mnyama. Akiona bado anataka, achague yule wa kahawia ambaye hakuna anayemsifu.

Mvua zilipoanza Septemba, nnyabo alikuja kukagua kama bati linavuja. Halikuvuja. Hata hivyo hakuondoka, aliinama mbele ya tangi.

"Leo amekula?"

Nikatazama juu.

"Bado, nnyabo. Kuna mawingu."