Zeze Mbele ya Kipaza Sauti: Safari ya Hukwe Zawose na Maana ya Kuvuka Mipaka ya Muziki

1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unamhusu mpiga zeze aliyevuka mipaka ya muziki, na unahusu pia maneno tunayoyatumia tunapomweleza. Swali lenyewe ni hili: mwanamuziki anapoichukua ala ya wazee wake na kuipeleka kwenye jukwaa la umeme, je, tuseme ameuacha muziki wa asili, au tuseme ameuendeleza? Mara nyingi jibu hutolewa kwa haraka, na chanzo kimojawapo cha haraka hiyo ni msamiati wetu. Tumezoea kuweka muziki wa asili upande mmoja na muziki wa kisasa upande wa pili, kana kwamba kati yao pana mto usio na kivuko.

Anayelitazama suala hili kutoka Kilangali, wilayani Kilosa, ana sababu ya kuutilia shaka mgawanyo huo. Kilosa inapakana na Mpwapwa ya mkoa wa Dodoma, na Reli ya Kati huipitia ikielekea Morogoro na Dar es Salaam. Humo wanaishi Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, pamoja na watu wa asili nyingine nyingi waliofuata mashamba ya mkonge, malisho na kilimo cha mpunga. Tena mkoa wa Morogoro ndio uliotupatia Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, iliyounganisha mahadhi ya Kikuba na ushairi wa Kiswahili, na baadaye Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, bingwa wa gitaa la umeme. Katika mazingira kama haya, kuvuka mipaka ya muziki si jambo geni. Ni sehemu ya maisha.

2.0 Zeze na Fidla: Majina na Vitu

Kwa Wagogo, zeze ni ala yenye kibuyu au kisanduku cha mti kilichowambwa ngozi, mpini, na nyuzi zinazopigwa kwa upinde. Yapo mazeze ya nyuzi chache na yapo makubwa yenye nyuzi nyingi zaidi. Hata hivyo, jina hilohilo katika sehemu za pwani na za Kongo hutajwa kwa ala nyingine kabisa: kijiti chenye kibuyu, ambacho nyuzi zake hudonolewa kwa vidole. Jina moja, ala mbili. Mtafiti anayekutana na neno zeze katika maandishi ya zamani hana budi kuuliza kwanza nyuzi zilipigwaje.

Fidla ilikuja kwa njia nyingine. Ilipokelewa katika taarabu ya Unguja, na ilikuwemo katika kundi la Siti binti Saad, ambaye nyimbo zake zilianza kurekodiwa Bombay mwaka 1928. Kwa hiyo Waswahili walikwisha kuichukua ala ya Ulaya na kuifanya yao muda mrefu kabla ya zeze kupelekwa Ulaya. Jambo la kuzingatia ni kwamba fidla ilipoingia katika taarabu haikubaki na mahadhi ya Kizungu. Ilijifunza kuifuata sauti ya mwimbaji, ikipita katika vituo vidogo ambavyo kinanda cha Kizungu hakiwezi kuvigusa. Mgeni ndiye aliyejirekebisha kwa mwenyeji. Tukumbuke jambo hili, kwani litatusaidia mbele.

3.0 Kutoka Doduma hadi Majukwaa ya Dunia

Hukwe Zawose alizaliwa katika kijiji cha Doduma, mkoani Dodoma. Baada ya uhuru, Rais Julius Nyerere alimwalika aende kuishi na kufanya kazi Dar es Salaam. Huo ulikuwa mvuko wa kwanza. Muziki uliokuwa na mahali pake katika jando, mavuno na sherehe za kijiji sasa uliombwa kulisemea taifa mbele ya watazamaji waliokaa kwenye viti. Baadaye Zawose alihamia Bagamoyo, akafundisha katika Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu mwaka 2007 kinajulikana kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Mvuko wa pili ulikuwa wa lugha. Mtu aliyelelewa katika Kigogo alifanya kazi katika taasisi zilizoendeshwa kwa Kiswahili, na albamu yake ya mwaka 1985 iliitwa Tanzania Yetu. Neno yetu hapo linabeba uzito. Linaichukua sauti ya Ugogo na kuikabidhi kwa kila Mtanzania, akiwemo mkulima wa Kilangali asiyejua Kigogo.

Mvuko wa tatu ulikuwa wa teknolojia. Kampuni ya Real World, iliyoasisiwa na mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, ilitoa albamu ya Chibite mwaka 1996, ambamo Hukwe alishirikiana na mpwa wake, Charles Zawose. Mwaka 2002 ilifuata Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa la umeme kutoka Kanada. Mwaka huohuo Hukwe na Charles walitangulia kupiga katika maonyesho ya Gabriel huko Marekani ya Kaskazini. Hukwe Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003.

4.0 Nani Anamfuata Nani?

Umeme unafanya nini hasa katika ala ya nyuzi? Uzi unapotikisika hutoa sauti ndogo, na kazi ya kibuyu ni kuikuza. Kwenye fidla ya umeme mwili huweza kuwa mti mtupu usio na uwazi, kwa sababu kuna kifaa kinachogeuza mtikisiko wa uzi kuwa mkondo wa umeme, kisha mkondo huo hukuzwa na kurudishwa kuwa sauti katika spika. Umeme, basi, huongeza nguvu ya sauti na kuruhusu igeuzwe. Hauamui noti.

Tatizo kubwa liko katika ulinganifu wa sauti. Uzi mmoja hautikisiki kwa urefu wake wote tu. Papo hapo hutikisika pia kwa nusu, theluthi, robo na kuendelea, na kila sehemu hutoa sauti yake ya juu zaidi. Watafiti wa muziki wa Wagogo wameonyesha kuwa ngazi yao ya sauti imejengwa juu ya sauti hizi, hasa kuanzia ya nne hadi ya tisa. Ile ya saba iko chini ya noti iliyo karibu nayo katika gitaa kwa takriban theluthi moja ya nusutoni. Tofauti hiyo ni ndogo kwa hesabu, lakini sikio huisikia mara moja.

Hapa ndipo kuvuka mipaka kunapopata maana. Zeze na gitaa vikipigwa pamoja, ama zeze litarekebishwa lifuate gitaa, ama gitaa litafute njia ya kulifuata zeze, ama viwili hivyo viachwe visigane na msigano wenyewe uwe sehemu ya utamu. Suala lingine ni la mvumo. Ilimba, ala nyingine aliyoimudu Zawose, huwekewa utando wa buibui juu ya tundu ili ivume. Kwa fundi mitambo asiyeujua muziki huo, mvumo ule ni kasoro ya kuondolewa. Kwa Mgogo ni ukamilifu wa sauti. Uamuzi unaofanywa katika chumba cha kurekodia ni uamuzi kuhusu nani ana haki ya kusema sauti nzuri ni ipi.

5.0 Warithi

Ukoo wa Zawose umeendelea kuliuliza swali hilo. Mwaka 2017 Msafiri Zawose, mwana wa Hukwe, alitoa albamu ya Uhamiaji, ambamo ala za Kigogo zinakutana na mitambo ya kielektroniki. Jina lenyewe linastahili kutazamwa na wanaisimu. Katika matumizi ya kila siku uhamiaji hutukumbusha ofisi inayogonga mihuri kwenye pasipoti. Katika mzizi wake ni tendo la kuhama. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, walitoa albamu ya Maisha kwa jina la The Zawose Queens. Nao wamevuka mpaka wa ndani ya mila yenyewe, kwa kuwa wanawake walizoea kupewa ngoma za muheme na uimbaji, huku zeze likishikwa na wanaume.

6.0 Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kwamba jozi ya maneno asili na kisasa haitoshi kueleza kazi ya msanii wa aina hii. Zawose hakuondoka katika kimoja akaingia katika kingine. Alibadilisha jukwaa, akaongeza lugha, akakubali umeme, lakini sauti ya zeze iliendelea kudai ngazi yake. Uhakiki wetu wa muziki katika Kiswahili unahitaji maneno ya kutaja ulinganifu, mvumo na nani anayemfuata mwenzake. Maneno hayo mengi yamo vinywani mwa wapigaji, kuanzia Bagamoyo hadi vijiji vya Kilosa na Dodoma. Kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili ni kwenda kuyasikiliza na kuyaandika wakati wenyewe wangalipo.